Kichaka Kilichopaswa Kukaa na Kiu

Naandika haya kwa akina mama wenye watoto walioanza kazi, hasa wale ambao roho haitulii mpaka wamemwona mtoto kwa macho. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Nitaeleza mambo kama yalivyokwenda. Mahali nilipokosea nitasema nimekosea, maana nikipaficha hapo, afadhali nisingeshika kalamu.

Mwanangu wa mwisho ni binti. Alizaliwa mdogo mno, nesi akasema amemwona mtoto kama nukta, na jina hilo likamganda mpaka leo. Nukta alisomea kilimo miaka miwili, akapata nafasi ya majaribio kwenye bustani ya mimea. Si bustani ya mboga. Ni ile ambayo kila mmea una kibao chake cha bati, na watu hulipa kiingilio kuja kutazama tu na kurudi kwao. Majaribio yalikuwa ya mwaka mmoja. Akifaulu anaajiriwa, asipofaulu anapewa barua ya shukrani.

Alipofika mwezi wa nne nikasikia pale wanatafuta mfanya usafi. Nikaomba. Nikapata.

Msicheke. Walicheka wa pale pale wakanitosheleza. Mtu wa mabomba, ambaye kila mtu anamwita Fundi Mipira kwa sababu kutwa anaburuta mipira ya kumwagilia, siku yangu ya kwanza alinipokea getini akasema, "Karibu, Mama Nukta. Wengine husindikiza watoto shuleni, wewe umemsindikiza wako kazini. Chupa ya maziwa umekuja nayo?"

Nukta hakucheka. Jioni ile tulipokuwa tunatoka aliniambia taratibu, "Mama, hapa kazini nina sehemu yangu. Naomba usiguse kitu chochote kwenye sehemu yangu."

"Niguse nini mimi? Mimi wangu ufagio."

Nilikuja na ndoo yangu ya nyumbani, kwa sababu zile za bustani zilikuwa nzito. Ni ndoo nyekundu ya plastiki. Kitako chake kimemeguka kipande cha vidole viwili, ndiyo maana ukiiweka kwenye mchanga inaacha duara lisilofunga. Watoto wangu wote wamekua wanachotea maji ndoo hiyo. Kumbukeni hilo duara.

Kazi yangu ilikuwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi. Nafagia njia, nadeki ofisi, nasafisha vyoo vya wageni. Watunza bustani wanafika saa mbili. Kwa hiyo saa mbili nzima bustani ni yangu na ndege.

Ukipita nyumba ya vioo, upande wa nyuma, kuna mahali panaitwa Kona ya Misimu. Pamepandwa vichaka ambavyo karibu mwaka mzima havina la kukusimamisha, halafu kila kimoja kina mwezi wake wa kujionyesha. Kimoja hufungua maua ya zambarau, kesho yake yamepauka, keshokutwa ni meupe kabisa, basi kichaka kimoja kinavaa rangi tatu kama nguo iliyofuliwa vibaya. Kingine majira ya baridi hujaa vitunda vidogo vya zambarau inayong'aa, vimeshikana kwenye tawi kama shanga zilizotungwa, na mtu haamini kuwa havikupakwa rangi. Kimoja hubambuka gome lake karatasi karatasi. Hicho ndicho kilichonipa kazi ya kufagia kuliko vyote.

Na kuna Bibi Harusi.

Jina lake la kwenye kibao ni refu, sijawahi kufika mwisho wake. Ni ndugu wa mbuni, huu tunaokunywa kahawa yake, ila yeye ni wa msituni. Kimo chake ni cha mtu mzima aliyenyoosha mkono juu. Wamemwita Bibi Harusi kwa sababu maua yake yote hufunguka siku moja. Jana ni kichaka cha kijani, leo asubuhi ni cheupe kuanzia chini hadi kileleni, na harufu yake unaikuta getini kabla hujakata tiketi. Siku mbili, basi. Ya tatu maua yamekuwa ya kahawia na yako chini, ni ya mfagiaji.

Sasa wageni watajuaje siku yenyewe? Hapo ndipo penye kazi. Nukta alinieleza tukiwa nyumbani tunachambua mchele.

"Anakaa miezi mitatu bila tone la maji, Mama. Ikitaka kunyesha tunamfunika na nailoni. Matumba yanatokea, yanakuwa kama hizi punje, halafu yanalala. Tukishapanga siku ya wageni, tunahesabu kurudi nyuma siku kumi, tunammwagilia mara moja tu, maji mengi, adhani ni mvua ya kwanza. Siku ya kumi anafunguka wote."

"Na akifa?"

"Hafi."

"Nani kakwambia?"

"Mama Mkasi."

"Kwani Mama Mkasi ndiye aliyemzaa?"

Baba yao, ambaye ni fundi cherehani na hufanyia kazi barazani, alicheka mpaka uzi ukakatika. Mimi mwenyewe nilicheka. Lakini moyoni sikumwamini Nukta. Nilijisemea, haya ni ya vitabuni. Darasani kwetu tulifundishwa kwamba mmea unahitaji maji, mwanga na hewa, tukaimba mpaka tukakariri. Hakuna mwalimu aliyetuambia kuna mmea unaohitaji kunyimwa.

Mama Mkasi ndiye mkuu wa bustani. Husemezani naye maneno mawili kabla hajachomoa mkasi wake kiunoni na kukata kitawi fulani kilichokosea. Si mkali, ila hasemi kitu mara mbili. Kiangazi kilipoanza alimwita Nukta mbele ya wenzake, akamwambia, "Mwaka huu Bibi Harusi ni wako. Kila Jumatatu unapima udongo, unaandika kwenye daftari. Akifunguka siku yake, nakuandikia barua ya ajira. Asipofunguka, nitajua hujafika."

Tangazo lenye tarehe likabandikwa getini. Nilikuwa nalipita kila siku asubuhi, na kila siku nilihesabu wiki zilizobaki.

Mwezi wa kwanza wa ukavu ulipita salama. Wa pili ulipofika katikati, majani ya Bibi Harusi yakaanza kulala. Yalining'inia kama masikio ya mbuzi. Halafu yakaanza kugeuka manjano na kudondoka. Siku ya kwanza nilifagia ya kujaa kiganja kimoja. Wiki moja baadaye yalijaa beseni. Nikaanza kuwahi kuyafagia na kuyatupa mbali, shimo la taka la upande wa pili, Mama Mkasi asije akayaona akasema mwanangu anaua kichaka. Mnaona nilivyoanza? Nilianza kwa kuficha majani.

Nukta mwenyewe alikuwa ametulia tu. Anachomeka kijiti chake cha mwanzi kwenye udongo, anakichomoa, anakitazama, anaandika. Utulivu wake ndio ulioniua. Nikasema mtoto huyu haoni kwamba kazi inamponyoka.

Basi siku moja asubuhi, kabla ya saa moja, nilijaza ndoo yangu kwenye bomba la vyooni, maji safi, si ya kudekia, nikaenda nayo Kona ya Misimu. Nikaiweka chini nipumue. Nikainua, nikamwaga taratibu upande wa ukuta, ambako watu hawapiti. Maji yaliingia ardhini yakilia, kama mtu anayepiga funda kubwa. Niliona raha, sitawaficha. Kesho yake majani ya upande ule yalikuwa yamesimama.

Nani angeniambia nini tena? Nilirudia.

Jumatatu Nukta alirudi nyumbani amenuna. Hakula. "Udongo umeloa," alimwambia baba yake. "Kijiti kimetoka na matope. Nimemuuliza Fundi Mipira kama bomba linavuja, kakasirika, kasema miaka ishirini hajavujisha. Tumechimba mtaro mzima. Bomba kavu."

"Labda umande," nikasema.

"Umande wa kuloweka udongo kina cha kiganja kizima, Mama?"

Nilikuwa nimeshika upawa. Nikakoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

Wiki ya pili aliniuliza tukiwa wawili, ananisaidia kuanika nguo. Hakunitazama. "Mama, asubuhi huwa unapita Kona ya Misimu?"

"Nafagia tu."

"Unafagia tu."

"Sasa nifanye nini kingine, nicheze?"

Akaanika shati, akalibana vibanio viwili, akasema, "Kuna mtu anammwagilia Bibi Harusi. Simjui ni nani. Ila popote alipo, namwomba aache. Akiendelea nitakosa kazi."

Hapo alikuwa amenifungulia mlango wazi kabisa. Ningesema neno moja tu. Sikusema. Nilisema, "Mungu atasaidia," nikaingia ndani.

Niliacha siku nane. Siku ya tisa majani yakalala tena, yote, hata ya upande wangu, na nikaona Mama Mkasi amesimama pale mikono kiunoni, ametulia, anatazama. Nilipata homa. Kesho yake nilirudi na ndoo. Nilijiambia nusu tu. Nusu ikawa ndoo.

Sasa sikilizeni nilivyokuwa mjinga. Asubuhi moja nimefika Kona ya Misimu na ufagio, harufu ikanipokea. Upande wa ukuta, matawi ya chini, maua. Meupe, membamba kama nyota za karatasi, nilihesabu ishirini na tatu. Nilipiga kigelegele peke yangu. Nilijua nimemwokoa mwanangu. Nilitupa ufagio, nikakimbia getini kumsubiri, na alipotokea nikamshika mkono kama mtoto mdogo. "Njoo uone! Njoo uone kazi yako!"

Nukta aliyaona akiwa mbali bado. Akapunguza mwendo. Akachuchumaa, akageuza tawi moja, la pili, la tatu. Mengi ya yale matumba ya punje upande ule hayakuwa matumba tena. Yalikuwa yamechipua majani.

"Mama," akasema, "imebaki wiki tano."

"Si ndiyo vizuri? Ameanza mapema."

"Yaliyofunguka hayafunguki tena. Na haya yameshakuwa majani. Upande huu umekwisha."

Hakupandisha sauti. Angenipigia kelele ningejua la kufanya.

Mama Mkasi alikuja, akatazama, akaita watu wote mbele ya stoo ya vifaa. Tulikuwa kama kumi. Mimi nilisimama nyuma na ufagio wangu.

"Kuna mkono umemwagilia," alisema. "Si mvua, si bomba. Mkono. Ni wa nani?"

Nikashika ufagio kwa mikono miwili.

Fundi Mipira akajaribu kuleta mzaha wake. "Mkuu, mkono wangu una mpira wa inchi moja. Ningemwagilia mimi, leo hapa mngekuwa mnaogelea."

Hakuna aliyecheka. "Funguo za mabomba anazo nani?" Mama Mkasi akauliza.

"Ninazo mimi."

"Niletee. Mpaka nijue."

Yule mtu alibadilika uso. Miaka ishirini alivaa zile funguo shingoni kama medali. Alizivua, akampa, akarudi mahali pake na kutazama viatu vyake. Bomba la vyooni halikuwa na funguo, ndilo nililokuwa natumia, na mimi peke yangu pale ndiye niliyejua kuwa maji yalitoka hapo.

"Na wewe," Mama Mkasi akamgeukia Nukta, "ulijua?"

"Niliona unyevu. Nimeandika kila Jumatatu."

"Ni nani?"

"Sijui, Mkuu."

Nilimsikia vizuri. Hakutetereka hata kidogo.

"Keshokutwa naandika ripoti yako," Mama Mkasi akasema. "Tawanyikeni."

Jioni chakula kilikuwa hakiliki. Baba Nukta akasukuma sahani, akasema, "Mama Nukta, chumvi umetia mara mbili, na mimi umenitazama mara sita. Kuna nini?"

Nukta alikuwa hajarudi. Nikamwambia baba yake yote. Alirudi kwenye cherehani yake, akasikiliza huku anakanyaga, kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Nenda kaseme."

"Wakinifukuza?"

"Utarudi hapa unishonee vifungo."

"Na mtoto?"

"Mtoto ndiyo hivyo anakwenda na maji, wewe umekaa unaniuliza."

Kesho yake sikungoja saa mbili. Niliketi kwenye ngazi za ofisi na ndoo yangu miguuni mpaka Mama Mkasi akafika. Nikamwamkia. Akaitikia, akaitazama ndoo, akafungua mlango, akasema, "Ingia nayo."

Nilisema nikiwa nimesimama. Nilisema ni mimi, ndoo saba, asubuhi, upande wa ukuta. Nilisema Fundi Mipira hana kosa arudishiwe funguo zake, na Nukta hana kosa apewe kazi yake, na kama ni kufukuza nifukuzwe mimi. Nilisema yote bila kuvuta pumzi.

"Kwa nini?"

"Nilimwona anakufa."

"Binti yako alikwambia hafi?"

"Aliniambia."

"Hukumwamini."

"Sikumwamini."

Alifungua droo akatoa daftari la Nukta, akalilaza mezani mbele yangu. Mwandiko wa mwanangu naujua, nadhifu, umeinamia kulia. Jumatatu ile ya kwanza alikuwa ameandika kuwa udongo umeloa, kina cha kiganja, bomba halivuji. Chini yake amechora duara. Duara lisilofunga, lenye pengo la vidole viwili.

"Soma wiki inayofuata," Mama Mkasi akasema.

Wiki iliyofuata palikuwa pameandikwa unyevu. Basi. Na iliyofuata, unyevu. Hapakuwa na duara.

Mama Mkasi akainuka, akaichukua ndoo yangu, akaiinua juu na kutazama kitako chake, akairudisha chini. "Nilijiuliza kwa nini mtu aone alama, aichore, halafu wiki ya pili asiione tena. Mvua haikunyesha kuifuta. Ungekuwa umemwagilia tu, mama, ningekasirika siku mbili ikaisha. Mimea mingi imemwagiliwa na watu wenye huruma. Lakini hili daftari ndilo macho yangu. Mwenye daftari akinificha, mwaka kesho nitaamini nini?"

Nikaketi bila kukaribishwa. Nilikuwa nimekuja kumtoa mwanangu shimoni, kumbe shimo lenyewe sikuwa nimeliona. Hakuwa anaponzwa na kichaka. Alikuwa anaponzwa na mimi, kwa kunisitiri.

Nukta aliitwa. Aliponikuta mle na ndoo alielewa papo hapo.

"Ungesema tu ni mimi," nikamwambia.

"Nilikupa nafasi kwenye kamba ya nguo, Mama. Ilikuwa ya kusema wewe."

Mama Mkasi akatoa uamuzi, mara moja, kama kawaida yake. Mimi sitafukuzwa, ila kazi yangu itaishia kwenye nyumba ya tiketi na vyoo vya getini. Nyumba ya vioo nisiipite. Fundi Mipira atarudishiwa funguo mbele ya watu wote, nami nitakuwepo nimwombe radhi kwa sauti. Na Nukta hatapewa barua ya ajira. Atabaki kwenye majaribio mpaka kiangazi kingine, na Bibi Harusi atakuwa wake tena. Daftari jipya.

Kumwomba radhi Fundi Mipira nilidhani kutaniua, kumbe yeye ndiye aliyenirahisishia. Alivaa funguo zake shingoni, akasema, "Nimekusamehe, Mama Nukta. Ila miaka ishirini namwagilia hapa, sijawahi kuandikwa kwenye ripoti. Wewe kwa ndoo moja mbovu tayari." Watu wakacheka, na mimi kidogo.

Nyumbani hakukuwa na kicheko. Nukta alipanga nguo zake kwenye begi siku hiyo hiyo. "Nahamia kwa shangazi," alisema. "Kule ni karibu na bustani."

Kwa shangazi yake si karibu. Ni mbali kuliko kwetu, ni vituo viwili zaidi. Baba yake alifungua mdomo kusema hilo, nikamkanyaga mguu.

Siku ya wageni ilifika kama tangazo lilivyosema. Nilikuwa getini nasaidia kuchana tiketi. Harufu ilikuja, si kali sana. Wageni waliorudi walikuwa wanasema kichaka kilikuwa cheupe upande mmoja na kijani upande mwingine. Fundi Mipira alipopita akaninong'oneza, "Bibi harusi kavaa nusu shela." Nilisikia pia kuwa mgeni mmoja aliuliza sababu, na mwanangu akamjibu kwamba upande ule ulipata maji kabla ya wakati wake. Hakusema kutoka kwa nani.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Tulionana kazini, ananiamkia, anauliza hali ya baba yake, anaendelea na njia. Kiangazi kilichofuata sikuona majani yakilala kwa sababu sikuruhusiwa kufika, lakini nilijua wiki yenyewe. Siku moja Nukta alipita getini amekonda, macho mekundu kwa vumbi, na nilikuwa na chapati zangu kwenye kitambaa. Nilisimama nimpe. Halafu nikajiuliza kama kaniomba. Nikaketi. Mkiona ni jambo dogo, jaribuni.

Siku ya kumwagilia niliijua kwa kelele za Fundi Mipira akiamrisha mpira wake kama mtu anayeswaga ng'ombe. Nikaanza kuhesabu kwenye ukuta wa nyumba ya tiketi kwa chaki. Siku ya saba, ya nane, ya tisa. Siku ya tisa sikula.

Siku ya kumi nilifika saa kumi na mbili kama kawaida, na nilipofungua kitasa cha geti nikaacha mkono pale pale. Harufu ilikuwa imejaa barabara nzima. Mwuza magazeti wa ng'ambo alikuwa ameinua pua. Nilijaza ndoo, nikaanza vyoo, nikadeki sakafu ile ile mara mbili. Sikuvuka.

Saa mbili na nusu Nukta alikuja. Alikuwa na petali zimenasa kwenye nywele.

"Mama, Mama Mkasi kasema uje uone."

"Kasema yeye, au umesema wewe?"

Akafikiri. "Kasema yeye. Mimi nikasema nitakuja kukuita mwenyewe."

Niliinama nikachukua ndoo kwa mazoea tu, mkono ulikwenda wenyewe. Nukta akaitazama, akanitazama. Nikaiacha mlangoni, nikapangusa mikono kwenye kanga, nikamfuata.

Alikuwa mweupe pande zote. Upande wa ukuta pia. Nyuki walikuwa wanafanya kelele kama mashine ya kusaga. Nilisimama hatua tatu nyuma, mikono nimeifunga mgongoni, nisije nikagusa. Nukta alinionyesha daftari jipya, kila Jumatatu pameandikwa kavu, kavu, kavu, na mwisho kabisa siku ya maji na saa yake. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Aliitoa, akanisomea mistari miwili, akairudisha.

Akina mama wenzangu, hilo ndilo nililotaka kuwaonya. Mtoto akikwambia hii ni kazi yake na anaijua, mwamini hata kama majani yanalala. Na ukishindwa kumwamini, basi angalau akikuuliza sema kweli, siku hiyo hiyo, kwenye kamba ya nguo.

Nukta bado anakaa kwa shangazi yake. Jumapili huja kula, halafu anarudi kule. Sijamwuliza atahamia lini nyumbani.